Ufunguo Wangu Bado Unafungua Mlango

Kwako Baba Zaina,

Huko uliko hakuna posta, najua, ila nitasema tu. Ulinizoea hivyo, nikianza sinyamazi mpaka nimalize.

Nimetoka eda juzi. Nimeoga, nimebadili nguo, watu wamejaa hapa Isevya kunipa mkono. Walipoondoka tu nikafungua pindo la kanga, nikatoa ufunguo wangu wa gari. Huo sikuuachia hata siku za kukulilia.

Unakumbuka swichi ya kuwashia ilipokufa? Mwaka ule watu wanahamia vijiji vya Ujamaa na wewe ndiye unawabebea vitanda na kuku wao, tumbaku nayo inakungoja Urambo, na vipuri madukani hakuna. Swichi iliyokuja kwa treni kutoka Dar ilikuwa na ufunguo wake. Fundi akasema, "Tembea na funguo mbili, mmoja wa mlango, mmoja wa kuwashia. Shida iko wapi?" Ukakataa. Ukarudi nyumbani na swichi zote mbili, mpya na mbovu, ukaniomba sinia langu la kuchagulia mchele.

"Mama Zaina, ukipiga chafya tumekwisha," uliniambia.

Ukaifungua ile mbovu, vikatoka vibati vidogo vya shaba, vyembamba kama kucha. Ukavihamishia kwenye mpya kimoja kimoja, kwa mpangilio uleule, ili swichi iukubali ufunguo wetu wa zamani. Mara ya kwanza ufunguo ukakwama. Ukasonya, ukavimwaga tena kwenye sinia, nami nikakucheka mpaka ukanifukuza jikoni. Kimoja kilikuwa kimelika, ukachukua kingine ukakipiga tupa mpaka kikakaa. Mwisho hukujaribu kwa ufunguo wako. Ulisema, "Lete wako." Gari likawaka.

Nikakuuliza, kazi yote hiyo ya nini? Ukanitazama kama nimeuliza jambo la ajabu. "Asubuhi nani ananiwashia?"

Tangu Zaina yuko mgongoni ndiyo ilikuwa kawaida yetu. Wewe unakunywa uji, mimi naingia garini nawasha, lipate moto. Kuendesha sijui. Majirani walinisema, mwanamke kafunga ufunguo wa gari kwenye kanga na hata kurudi nyuma hawezi. Waseme. Nilijidai, mume wangu, nilijidai sana. Mngurumo ule wa asubuhi ulikuwa wangu.

Ulipoanguka kwa homa njiani ukitoka Urambo, gari lilikokotwa mpaka uani kwetu, na ufunguo wako ukapotea pamoja na nguo zako. Mdogo wako akataka kuendeleza kazi ya mizigo, ili tule. Sina neno naye. Ila mimi niko ndani nakaa eda, wanaume hawaingii, na wao wamekubaliana mjane asisumbuliwe kwa mambo ya gari. Nikasikia nyundo uani, nikadhani wanakarabati banda la kuku. Jioni dada yako akaniletea chakula, akasema tushukuru, fundi amevunja swichi na kuweka nyingine, gari linatembea.

Nikamwonyesha pindo la kanga. Akakaa chini palepale.

"Wifi yangu, si tulikuonea huruma kukuuliza?"

Tukalia wote wawili. Nikaulizia vile vibati vyako. Vilikuwa vimeshafagiwa pamoja na takataka.

Juzi basi nikaenda. Mlango ukafunguka vilevile. Nikakaa kwenye kiti chako, harufu ya tumbaku bado imo. Nikatia ufunguo kwenye swichi, ukaingia nusu, ukagoma. Nikatoa, nikatia tena, mjinga mimi. Shemeji akaja akaninyooshea wake kwa mikono miwili. "Shemeji, tumia huu. Ni wako."

Nikamrudishia. Sikukasirika. Huo hukuutengeneza wewe.

Nimeumia, Baba Zaina. Ulipokufa niliambiwa nivumilie, nikavumilia. Hili hakuna aliyekuja kunipa pole, maana gari linawaka, wao wanaona limepona.

Leo asubuhi nimekoroga uji, nikatoka nje, nikamfungulia shemeji mlango kwa ufunguo wangu. Kisha nikasogea, akawasha yeye.

Lala salama. Ufunguo nimeufunga tena kwenye kanga.

Ni mimi mkeo, niliyekuwa nikikuwashia,
Mama Zaina