Kipengele Kinachomkataa Mpwa Wangu

Mikumi, Alhamisi. Manyunyu tangu alfajiri, na malori yanapita barabara kuu yakirusha matope hadi uani kwangu. Nimeamka na hasira, wala sioni sababu ya kuificha.

Wakala wa kampuni amenipigia simu mara mbili kabla ya saa nne. Sikupokea. Anataka saini yangu, nami najua kwamba nikisikia tena sauti yake ya adabu nitasema maneno yasiyomfaa mtu wa umri wangu.

Nieleze jambo lenyewe, maana hasira isiyoelezwa ni kelele tu. Kampuni yake inatafuta ardhi ya kukodi ili ilime bangi ya dawa. Sheria ya nchi yetu hairuhusu, naye hakatai. Anasema ruhusa itakuja kama ilivyokuja kwa baadhi ya nchi jirani, na siku hiyo atakayekuwa na ardhi tayari ndiye atakayeingia kwanza. Kwa hiyo anakusanya saini mapema, kama mtu anayeweka kanga yake juu ya kiti ili mwingine asikae.

Walianza kwa kosa. Kule kijijini kwetu Vidunda, kwenye kilima cha ukoo wetu, walimfuata shemeji yangu, mume wa dada yangu Agripina, wakamwekea karatasi mbele. Akasaini kwa mbwembwe na kupigwa picha. Lakini kwetu ardhi hufuata tumbo la mama. Shemeji analima kilima kile kwa sababu ameoa pale. Mwenye kusema ndiyo au hapana ni mjomba, na mjomba ni mimi. Mpaka leo akipita kilabuni wanamwuliza, "Bwana mkubwa, na mke umemsainia?"

Ndipo wakala akanifuata Mikumi. Niliusoma mkataba wote, ukurasa kwa ukurasa, yeye akitazama saa yake. Kipengele cha kumi na moja kinasema kwamba mtu aliyewahi kutiwa hatiani kwa kosa la dawa za kulevya hatakuwa mkulima mshirika, hatakuwa kibarua, wala hataingia ndani ya uzio.

Mpwa wangu Festo, mtoto wa Agripina, alifungwa kwa kulima bangi. Aliilima kwenye kilima hichohicho. Tangu alipotoka gerezani anaishi pale na mkewe, na anapanda mahindi na maharage. Nikisaini, uzio utapita mlangoni kwake.

Sasa niandike ninalopaswa kuandika.

Mimi ndiye niliyemtaja.

Wakati ule nilikuwa mwalimu mkuu wa shule ya kijiji. Maofisa walipanda kuja kufyeka bangi, wakauliza shamba lile ni la nani. Majirani wote walisema hawajui. Walipoingia ofisini kwangu na kufunga mlango, niliwaambia kwamba ni la mpwa wangu, Festo. Kisha nikakataa kumdhamini, nikisema kwamba mwalimu hawezi kusimama upande wa bangi. Kijiji kiliamini kwamba aliyemtaja ni baba yake, kwa kuwa siku zile walikuwa hawasemezani. Niliwaacha waamini hivyo.

Miaka yote nimejiambia kwamba nilisema kweli. Ndiyo, nilisema kweli. Na bangi naichukia hadi leo. Nimeona wanafunzi wangu wazuri wakiharibika kwayo, na hakuna mkataba utakaonifanya niipende. Lakini kama ni haramu, iwe haramu kwa wote. Na kama itahalalishwa, sioni kwa nini uhalali uanze na mwenye uzio, na yule aliyelala gerezani kwa mmea uleule aambiwe asisogee.

Jana nilipanda Vidunda. Basi hadi Kidodi, bodaboda hadi ilipokataa kwa utelezi, kisha miguu. Goti la kushoto lilinilaani njia nzima.

Tulikaa uani kwa Agripina. Yeye anataka nisaini. Alisema, bila kunitazama, kwamba nyani wamemaliza mahindi, mbolea haishikiki, na mjomba anayekaa Mikumi penye umeme asimfundishe kuvumilia njaa. Mumewe alisema kwamba yeye ameshasaini, kwa hiyo kazi yake imekwisha. Hata Agripina alicheka.

Festo alifika mwisho, jembe begani. Aliniamkia shikamoo, nikaitikia marahaba, akaenda kuketi mbali. Nilimsomea kipengele cha kumi na moja. Nilitegemea angekasirika, lakini alitabasamu tu. Akaeleza kwamba wakala alikwisha kuzunguka naye kilima kizima siku mbili. Alimwuliza ni upande gani ukungu huondoka mapema, kijito hukauka mwezi gani, na mmea ukatwe ukiwa na rangi gani. Aliomba hata mbegu, Festo akamjibu kwamba zilichomwa pamoja na shamba. Katika siku hizo mbili hakumgusia habari ya kipengele.

Yaani wanakitaka kichwa chake bila miguu yake.

Nilisema kwa ukali kwamba sitasaini, na kwamba nafanya hivyo kwa ajili yake. Nadhani nilitaka anishukuru.

"Mjomba, usikatae kwa jina langu," alisema. "Watu watasema Festo amewanyima kazi. Nitafungwa mara ya pili, na safari hii wafungaji ni majirani."

Nikamwuliza anataka nifanye nini.

"Siku ile ulinitaja mlango ukiwa umefungwa. Ukitaka kunitetea, nitetee mlango ukiwa wazi."

Agripina aliacha kupepeta. Alikuwa hajui. Niliona uso wake ukibadilika, nikatazama chini. Mumewe hakushtuka hata kidogo. Ndipo nilipotambua kwamba yeye alijua tangu zamani. Mtu tunayemcheka kwa saini yake amebeba lawama yangu mbele ya kijiji miaka yote hii, ili mjomba wa wanawe asivunjiwe heshima.

Hakuna aliyenisindikiza kuteremka. Sikustahili kusindikizwa.

Leo saa tano wakala akapiga mara ya tatu, nami nikapokea. Nilimwambia kwamba kipengele kifutwe, na kwamba waliofungwa kwa ajili ya mmea huu waandikwe wa kwanza miongoni mwa wakulima washirika, si miongoni mwa vibarua. Alisema kampuni inahitaji watu safi. Nikamwuliza kama yule aliyemtembeza kilimani siku mbili alikuwa mchafu. Akasema vilima ni vingi, mzee wangu, kisha akasingizia mtandao.

Hajakosea kuhusu vilima. Huenda kampuni ikahamia kwingine, ambako mjomba hasomi mikataba, na Agripina akakosa kodi ya ardhi aliyoitegemea. Hilo pia litakuwa juu yangu, wala sitamwambia kwamba ni dogo.

Jumamosi kijiji kinakutana. Nina mambo mawili ya kusema mbele ya watu. La kwanza ni kipengele cha kumi na moja na sababu ya kuizuia saini yangu. La pili ni nani aliyemtaja Festo, na kwamba si baba yake. Huenda wazee wa ukoo wakasema kwamba mjomba wa namna hii hafai kushika ardhi. Watakuwa na haki, na mimi nitakaa chini.

Nimekuwa nikijipangia maneno tangu asubuhi, na kila mara naanza na kipengele. Najijua. Nikianza nacho nitashangiliwa, nitajisikia mtu mwema, na lile la pili halitatoka.

Nitaanza na la pili.