Kiti Kinachoangalia Njia

Ilembo, Mpanda, 1995

Mjukuu wangu Kulwa,

Barua yako imefika na treni ya Jumanne. Sisi wazima, mahindi yanakomaa, na pacha wako Doto anauliza kama umempatia shati.

Unasema mtihani ukikaribia unatafuna kucha mpaka zinatoka damu, na unataka kujua mimi niliachaje kutafuna. Sijui nani alikuambia.

Mimi sikutafuna kucha, nilitafuna mchele mbichi. Babu yako alikuwa akienda porini kurina asali, wiki tatu hata nne bila habari. Nikikaa nje kuchagua mchele, nusu unaishia mdomoni. Jino lilipovunjika, mama mkwe hakunigombeza. Alinitazama siku mbili, kisha akauliza, "Mbona ukiangalia njia ndipo unatafuna, ukigeukia huku kwangu unaacha?"

Sikuwa nimeliona hilo. Nikageuza kiti. Naye akaniwekea karanga zenye maganda, akasema, "Mikono ikipata kazi ya kumenya, mdomo utangoja."

Siku nyingi ulingoja. Siku nyingine haukungoja, nikaanza upya kesho yake.

Nawe hebu jichunguze. Kidole kikifika mdomoni, macho yako yanakuwa yanaangalia nini? Ni daftari, au ni sura ya mwalimu? Nataka sana kujua.

Umesema utafika Jumamosi ya baada ya mtihani. Kiti changu nimekigeuza tena kuelekea njia, na ungo wa karanga uko mapajani.

Bibi yako