Parachuti la Akiba Ulilonikunjia

Chumba cha Kukunjia,
Uwanja wa Warukaji,
Tarehe 9 Septemba

Mjomba wangu mpendwa,

Shikamoo. Naomba uipokee shikamoo hii ukiwa umekaa, tena mahali penye mwanga, maana barua hii nataka uisome wewe mwenyewe kwa macho yako mapya. Ningeweza kupiga simu, lakini kwenye simu ungenikatiza kila neno. Dada asikusomee, hata kama ni binti yako. Najua atachungulia begani kwako, hilo sina uwezo wa kulizuia, lakini asikusomee.

Macho yenyewe yanaendeleaje? Mara ya mwisho ulisema mtoto wa jicho ametolewa pande zote mbili, bandeji zimeondoka na daktari amekupa miwani, nawe ukalalamika kwamba sasa unaona vumbi lote la nyumba ya dada. Nilicheka peke yangu jikoni. Je, bado yanawasha? Dawa unaweka kama ulivyoambiwa, au unaweka pale tu dada anapokuangalia? Nijibu ukweli, nakufahamu.

Sisi huku tu wazima. Mama goti linamsumbua asubuhi, likishapata joto anasahau na kuanza kuhamisha makabati. Juzi nimekuta kitanda changu kimegeuzwa, kichwa kinatazama mlangoni, na hakuna aliyenieleza kwa nini. Nami pia ni mzima, mjomba. Lishike neno hilo kabla hujaendelea: mimi ni mzima kabisa, nimekaa, naandika, kikombe cha chai kiko kando.

Jumamosi iliyopita parachuti langu kubwa lilikataa, nikashuka na la akiba. Lile ulilolikunja wewe.

Najua umevua miwani. Irudishe, tuendelee.

Dada, kwa faida yako wewe uliyesimama hapo nyuma: sisi warukaji tunabeba maparachuti mawili kwenye begi moja. Lile kubwa kila mtu hukunja lake, na aliyezoea humaliza kwa robo saa au chini ya hapo. Wako wanaomaliza kwa dakika tano, na hao hawakosi kukwambia. La akiba halikunjwi na mtu yeyote tu. Linakunjwa na fundi mwenye leseni, akimaliza anafunga uzi mwekundu na kuubana kwa kidonge cha madini ya risasi chenye alama yake, kisha haliguswi mpaka muda wake uishe au siku mtu atakapolihitaji. Fundi huyo hapa kwetu alikuwa baba yako. Lilikuwa linamchukua nusu siku, ndiyo maana tulimwita Mzee Taratibu. Haya, dada, umeelewa, sasa rudi jikoni.

Siku hiyo uwanja ulifunguliwa kwa wageni. Viti vilipangwa, muziki ukawekwa, na mchana kukawa na yale mashindano ya kukunja uliyokuwa ukiyakimbia kwa kisingizio cha kwenda kunywa maji. Nilipangwa na Kimbunga. Unamkumbuka Kimbunga, yule uliyemfukuza kwenye zulia lako kwa sababu anakunja huku anapiga mluzi. Hajawahi kushindwa na mtu. Saa ikaanzishwa, watu wakapiga makofi, mimi sikusikia kitu. Nilizikusanya kamba, nikakitikisa kitambaa, nikakilaza, nikakipigia magoti hewa itoke, nikakisukumia begini, nikafunga. Mjomba, nilimpiga! Kwa sekunde chache, lakini nilimpiga, na chini ya dakika tano. Walinibeba juu juu mpaka kwenye meza ya soda.

Sasa, sheria ya chumba chetu unaijua kuliko mimi. Parachuti la mashindano halirukiwi. Linakunjuliwa lote, linakunjwa upya kwa utulivu, ndipo mtu anapanda ndege. Kimbunga alilikunjua lake palepale, jasho halijamkauka. Mimi nikalitazama langu lilivyotulia ndani ya begi, limekaa vizuri kama mtoto aliyelala, nikaona uchungu kulivuruga. Ndio ushindi wangu wa kwanza tangu nizaliwe. Nikalivaa hivyo hivyo nikapanda ndege. Jina la Kiherehere ulinipa wewe na bado linanitosha.

Kule juu kila kitu kilikwenda sawa mpaka nilipovuta. Likafunguka nusu. Kamba moja ilikuwa imepita juu ya kitambaa na kulibana katikati, likaanza kunizungusha. Mwanzoni sikuogopa, nilikasirika, kwa sababu nilijua papo hapo ni kamba ipi na ilinitoroka wakati gani. Halafu mzunguko ukaongezeka, miguu ikarushwa nje, mashamba na barabara vikawa vinapita mbele yangu bila mpangilio. Hapo niliogopa, mjomba. Niliogopa sana.

Unakumbuka ulivyokuwa ukinifanyia mezani? Watu tunakula kwa amani, mama anasimulia habari zake, ghafla unanitupia neno, "Kulia!" nami naacha kijiko na kujipiga kifuani upande wa kulia, kinapokaa kishikio cha kuliachia parachuti kubwa, halafu kushoto, kinapokaa cha la akiba. Mbele ya wageni. Mbele ya yule mchumba aliyekuja mara moja na hakurudi. Nilikuwa nakuchukia kwa kitu hicho. Basi Jumamosi sikufikiri hata kidogo. Mkono ulikwenda wenyewe. Kulia, nikaliachia lile bovu likaenda zake. Kushoto, nikavuta la akiba.

Kati ya kuvuta na kufunguka kuna kitambo kidogo ambacho hakuna kitu chochote juu yako. Hapo ndipo nilipokukumbuka, na nilikumbuka maneno yako ya kwenye simu.

Niruhusu niyaseme, maana nadhani tumeyanyamazia vya kutosha. Ukungu ulipoanza kukuingia machoni, hukufukuzwa na mtu. Ulikwenda mwenyewe kwa mkuu wa uwanja ukamwambia huoni vizuri, na kwamba hujui ulianza kutoona vizuri lini. Mkuu akaamua maparachuti yote ya akiba uliyoyakunja miezi ile ya mwisho yakatwe nyuzi na yakunjwe upya na fundi mwingine. Hakukosea, na wewe mwenyewe ulisema hakukosea. Lakini nilikuona umesimama mlangoni na soksi zako, nyuzi zinakatwa moja moja kwa mkasi, na wiki ileile ukahamia kwa dada bila kumuaga mtu.

Tangu hapo kila ulipopiga simu, hata mama hukumuulizia kwanza. Uliuliza, "La kwako umelipeleka?" Nami nikakujibu kesho. Haukuwa uvivu, ingawa najua ulidhani hivyo. Sikuweza kusimama pale nikatazama uzi wako wa mwisho ukikatwa. Nikawa naliacha begi nyumbani siku ya ukaguzi, naleta visingizio, na muda wake ulikuwa haujaisha, basi hakuna aliyenishika shati. Halafu siku ile, kabla ya kufanyiwa macho, ukaniambia kwa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwako: "Mwanangu, sikuwa naona. Nilikuwa napapasa tu. Silali, nawaza isije kuwa kuna mtu nimemfungia kifo chake begini."

Hayo ndiyo niliyoyakumbuka kule juu, pasipo na kitu.

Likafunguka, mjomba. Lilifunguka jeupe, limenyooka, pembe zote nne, kila kamba mahali pake, hakuna hata moja iliyogusana na mwenzake. Mzunguko ukaisha. Kukawa kimya. Nililia huko juu kwa sauti kubwa, kwa kuwa hakuna wa kunisikia, na nilikuwa nakuita wewe. Asante. Nilisema asante mpaka miguu ikagusa nyasi, na leo naiandika ili uione kwa macho: asante, mjomba. Ulipapasa vizuri.

Mkuu ndiye aliyenifikia wa kwanza, na unajua mkuu hakimbii. Alikishika kile kitambaa cheupe, akakigeuza, akauliza, "Hili ni la Taratibu?" Nikatikisa kichwa kukubali. Akasema, "Ungelileta ningelikata uzi," kisha akaketi kwenye nyasi kando yangu na suruali yake ya ofisini. Baadaye aliniambia jambo ambalo alipaswa kukwambia zamani na anaona haya: yale mengine yote yalipokunjuliwa, hakukuta kasoro hata moja. Najua utamjibu nini. Utasema parachuti lililokunjuliwa sakafuni halijathibitisha chochote. Sawa, sasa unalo lililothibitisha, na aliyeshuka nalo anakuandikia barua.

Kimbunga amenigombeza kuliko mama. Kisha akanikalisha sakafuni siku nzima, nikunje na kukunjua, nikunje na kukunjua, bila saa. Ile saa ya mashindano ameificha na anakataa kusema wapi. Nimemsikia akikunja bila mluzi, nikajua kweli alishtuka.

Parachuti langu kubwa lilikwenda kuangukia juu ya paa la fundi magodoro, ng'ambo ya barabara. Tulipolifuata tulimkuta ameshalipima kwa futi kamba na anataka kujua kama yako mengine. Ilibidi mkuu azungumze naye kwa heshima zote.

Mama nilimwambia mwenyewe jioni ileile. Hakupiga kelele kama nilivyotegemea. Aliingia chumbani kwako, akatoa soksi zako zote ulizoziacha, akazifua zile ambazo zilikuwa safi, akazianika. Alipomaliza ndipo akaniambia, "Mwandikie kaka yangu. Mwambie mikono yake ndiyo iliyomrudisha mwanangu nyumbani." Halafu akanifukuza jikoni, na sijaruhusiwa kupika tangu siku hiyo, sijui hiyo inahusiana vipi.

Sasa njoo kwenye kifurushi kilichofuatana na barua hii. Desturi yetu unaijua: anayeokolewa na la akiba humnunulia aliyelikunja jozi ya viatu, kwa kuwa yeye amerudi chini kwa miguu yake. Tulikuwa tunacheka, watu wanashinda na soksi kwenye zulia, zawadi yao ni viatu. Ulikuwa ukijisifu kwamba miaka yote hiyo hujawahi kupewa hata jozi moja, na kwamba unamwomba Mungu uzeeke na viatu vyako vya zamani. Pole sana, nimekuharibia. Vya kahawia, visivyo na kamba, maana za kukunja ulizonazo zinakutosha. Vikikubana, mlaumu dada, yeye ndiye aliyenipa namba.

Ndani ya bahasha, ukiikung'uta, kutaanguka uzi mwekundu wenye kidonge chako cha risasi. Utautambua. Haukukatwa kwa mkasi, mjomba. Ulikatika kwa mkono wangu, siku niliyouhitaji.

Na chini ya viatu, kwenye mfuko wa turubai, kuna kitu ambacho si zawadi. Ni parachuti lenyewe na begi lake. Mafundi wapya wawili walitaka kulikunja wiki hii, wote watu wazuri, nikakataa. Mkuu amekubali nikutumie wewe, ameridhika na aliyoyasema daktari, na leseni yako bado hai. Koleo lako la kubania risasi umelifunga kwenye kitambaa chini ya kitanda, usinibishie, dada ameshanieleza. Basi litandike kwenye zulia la sebuleni, wafukuze wajukuu, vaa soksi. Likague kwanza kwa macho, kamba kwa kamba, kwa sababu sasa unaona. Chukua nusu siku. Chukua wiki nzima ukitaka, mimi sina haraka tena, mwambie na dada aniamini ninaposema hivyo.

Nisalimie dada, na umwambie nimemsamehe kwa kusoma. Msalimie shemeji, ambaye nasikia sasa hathubutu kukaa bila kupiga pasi shati kwa sababu unamwona. Wabusu wajukuu, yule mkubwa mwenye maswali na yule mdogo anayekufichia miwani. Mama anakusalimu, na Kimbunga, na mkuu, ambaye amesema atakupigia mwenyewe na mimi nimeamua kumwamini.

Mungu ayatunze macho yako na aizidishie mikono yako uhai. Akulaze usingizi, mjomba, usingizi wote uliokuwa unadaiwa. Lala sasa. Hakuna uliyemfungia kifo begini.

Begi langu likirudi na uzi mwekundu nitapanda ndege. Kabla ya hapo sipandi.

Mpwa wako aliye chini, anayekusubiri,
Kiherehere