Pembe za Baba Mdogo Haddou

Itto, nimekwisha.

Nimemwonyesha baba mdogo Haddou, fundi wa kuchonga mawe ya kuwauzia watalii, picha ya mdudu wangu aliyegeuka jiwe, yule ninayemtetea kesho chuoni kama spishi mpya. Akacheka! "Hizi pembe? Nimezitengeneza mimi, binti yangu. Gundi na unga wa mawe."

Pembe, Itto! Miaka miwili naandika juu ya pembe!

Nikamwambia labda amefananisha. "Nisiijue kazi ya mkono wangu? Hii ya kushoto ilinivunjikia mara mbili."

Sasa anawapigia simu watu wote wa kwao Erfoud: "Kazi yangu imefika chuo kikuu!"

Kanzu nyeupe ameshaipiga pasi, kesho anataka kukaa mbele.

Profesa nitamwambia sasa hivi, hata akinifukuza. Lakini baba mdogo, Itto? Nitamwambiaje kuwa pembe zake ndizo zimeniharibia?