Mishahara ya Wanywaji wa Kahawa

Jumapili jioni, Kitale. Mvua imebaki manyunyu, na baridi ni ile ya kumnywesha mtu chai bila kuulizwa. Nimetoka Sirisia kwa Mama sasa hivi. Nina furaha ya ajabu, na woga kidogo.

Wiki nzima nilikuwa na swali moja kichwani: wanunuzi wa nje hufanya nini bei ya kahawa yetu ikipanda? Na wao wakipata pesa zaidi, je? Ni kazi ya chuo, ndiyo, lakini safari hii ina mwenyewe anayesubiri jibu. Mama anataka kung'oa mikahawa yake yote apande mahindi, na mtu wa kung'oa anakuja kesho. Aliniambia kwa simu, "Si wewe ndiye umesomea hayo mambo? Kuja uniambie kama hao watu bado wanaitaka."

Ningemjibu nini? Nilikuwa nimeingiza takwimu za miaka mingi kwenye kompyuta, nayo ikasema bei ikipanda, wanunuzi wananunua zaidi.

Zaidi!

Jamani, nani huongeza nyanya kwenye kikapu kwa sababu zimepanda bei? Nikarudia, nikatoa hii, nikaweka ile. Wapi! Kusema kweli sikuudhika. Nilikuwa kama mtu anayesikia kuku wakipiga kelele nyuma ya nyumba na hajui wameona nini.

Jana nikaenda hivyo hivyo, bila jibu. Nyumba ya Mama imezungukwa na mikahawa. Ukifungua dirisha la jikoni, tawi linaingia. Akaniletea chai ya maziwa, birika nzima. Nikamuuliza kwa mzaha kama amewahi kunywa kahawa yake. Akacheka mpaka akashika mlango. "Ile kitu chungu? Ati ninywe nikose usingizi?"

Kikombe kikabaki hewani.

Kwenye hesabu yangu, mahali pa kipato, nilikuwa nimeweka kipato cha Wakenya. Sisi! Watu wa chai! Nimezoea kuwaza mifuko yetu hata nikasahau kwamba anayenunua ni mwingine. Nikafungua kompyuta hapo hapo mezani, nikaweka kipato cha nchi zinazotununulia, na mambo yakajipanga. Wao wakipata zaidi, wanaongeza kahawa sana. Bei ikipanda peke yake, wanapunguza, lakini kidogo tu. Ile miaka iliyonichanganya ilikuwa miaka mizuri kwao: walikuwa na pesa, wakaigombania kahawa, na kwa kuigombania wakaipandisha bei.

Nikamweleza Mama, pamoja na upande mbaya. Wao wakikwama kwa pesa, tutaumia sisi, na hata tukipunguza bei haitatusaidia sana. Nikamwambia pia kwamba haya ni makadirio, naweza kukosea. Hapo niliogopa kweli. Mimi nikikosea hesabu, narudia. Mkahawa uking'olewa, mwingine huchukua miaka kuzaa.

Aliitazama mikahawa dirishani. Kisha akasema atang'oa safu za chini tu, zile za karibu na mto, apande mahindi ya kula. Zingine zibaki. "Kwa hivyo hao watu wakiwa na mshahara mzuri, ndio sisi tunapona?"

Ndiyo, Mama.

Leo mchana, kabla hatujala, aliomba. Akashukuru kwa mvua, akawataja wagonjwa wa kanisa mmoja mmoja, na nilipodhani anamaliza akaendelea: "Na wale watu wa ng'ambo wanaokunywa kahawa, Baba, waongezee mshahara." Kicheko kilinijia. Nikafungua jicho moja, nikamwona amefumba macho kabisa, mikono ameikaza, hana mzaha hata kidogo.

Nikasema amina, kwa sauti. Kesho jembe litaanza kule karibu na mto, na mimi nitaipitia hesabu upya. Nimemsahau nani tena?