Kiti cha Pikipiki ya Baba

S.L.P. 1127,
Dodoma.
Jumapili, 14 Agosti 1994.

Mpendwa Kaka Yotham,

Shikamoo. Naandika nikiomba karatasi hii ikukute mzima huko Gaborone, pamoja na wifi Miriam na watoto, na kwamba ile baridi uliyowahi kuniambia hupenya hadi ndani ya koti sasa imeanza kulegea. Je, mgongo wako unaendeleaje? Wifi alipata kazi ile ya kufundisha? Na Obedi bado anakataa kula mboga? Nauliza mambo ambayo huenda yamepitwa na wakati, lakini ndiyo ya mwisho niliyoyapata kutoka kwako.

Mimi sijambo. Kikohozi cha Juni kimekwisha. Upepo wa hapa unaujua: tangu Julai unavuma mchana kutwa, na kila jioni nikirudi kutoka kazini hulazimika kufuta vumbi mezani kabla ya kuweka sahani. Sahani yenyewe ni moja, kwa hiyo kazi si kubwa.

Shangazi Loisi yupo Mvumi, mwenye nguvu kuliko macho yake. Uwele ulitoka wa kutosha mwaka huu, ingawa ndege waliuonja kabla yake. Bado anakataa kuhamia kwangu Miyuji. Anasema nyumba za mjini zina milango mingi na watu wachache.

Mji wenyewe ungeushangaa. Ukipita mtaa wa sokoni leo, utakuta tairi za kila ukubwa zimening'inizwa kwenye milango ya maduka, na betri, na minyororo, na vioo vya pembeni kutoka Dubai. Hakuna anayeulizwa kibali. Mara nyingine nasimama mbele ya maduka hayo nikamkumbuka Baba, alivyosubiri tairi moja ya pikipiki yake tangu masika hadi kiangazi, na mwishowe akashona kiraka cha ngozi ya ng'ombe ndani ya ile iliyochanika, akaenda nayo zahanati zote kama kawaida. Sijui kama angefurahi kuona wingi huu au angejisikia amedhihakiwa.

Sasa nifike kwenye hiyo pikipiki, maana ndiyo iliyonikalisha mezani leo.

Nilikuandikia mwaka jana kwamba niliitoa Mvumi kwa sababu mchwa walikuwa wameanza kuingia ghalani. Agizo lako la baada ya mazishi ya Baba nalikumbuka neno kwa neno: isiguswe na mtu mpaka utakaporudi. Niliisimamisha barazani, nikaifunika turubai, na kwa miezi mingi sikuigusa, isipokuwa kuisalimia asubuhi nikitoka. Hakukuwa na mwingine wa kusalimia.

Kumbe hapa mjini lipo kundi dogo la watu wanaopenda pikipiki za zamani. Anayesikilizwa zaidi ni Mzee Cornel wa Ipagala, mhasibu mstaafu, ambaye pikipiki zake zote amezirudisha kama zilivyotoka kiwandani. Hata skrubu huagiza Uingereza kwa barua, na zisipofika pikipiki husimama mwaka mzima ikizisubiri. Anayembishia zaidi ni Ludovick, mhandisi wa maji, umri wake kama wangu. Yeye huchukua fremu ya zamani akaiwekea injini ya Kijapani, usukani mrefu na honi ya lori, na husema chuma kisichobadilika ni chuma kilichokufa. Walisikia kwamba barazani kwangu kuna BSA ya Kiingereza. Wakaja Jumamosi moja kuitazama, halafu ikawa kila Jumamosi.

Nilidhani watanichosha. Badala yake nilianza kununua sukari kilo nzima.

Ungewasikia, Kaka. Siku ya kwanza Mzee Cornel alivaa miwani, akaizunguka pikipiki mikono ikiwa nyuma, kisha akanyoosha kidole. "Binti, hiki kifuniko cha tangi ni cha mti?"

Nikamwambia ni cha mninga, Baba alikichonga mwenyewe cha chuma kilipopotea.

"Na hii breki?"

"Ya baiskeli, Mzee."

"Na hii keria, Mungu wangu, hii si kitanda?"

Ludovick alicheka hadi akamwaga chai. Nikaeleza kwamba ndiyo, ni chuma cha kitanda chakavu cha wagonjwa, Baba alipewa, akakichomelea nyuma ili mgonjwa aweze kukaa. Mzee Cornel alisikiliza kwa heshima, halafu akasema hizo takataka zote zitolewe na pikipiki irudishiwe utu wake.

"Mzee wangu, wewe unataka makumbusho," Ludovick akasema.

"Na wewe unataka gari la harusi. Nakufahamu, utaifunga hata maua."

"Angalau harusi watu wanacheza. Kwako kuna nini? Watu wanatembea kimya wakiogopa kugusa."

Wiki baada ya wiki walibishana hivyo, na huku wakibishana mikono yao haikutulia. Walisafisha kabureta, wakabadilisha nyaya, wakaondoa kiota cha nyigu kwenye bomba la moshi. Nilijiambia kwamba kuitengeneza injini si kuigusa kwa maana uliyoikusudia. Hoja hiyo sina uhakika nayo hata sasa. Siku ilipowaka, majirani walitoka nje, na nikaingia ndani kidogo, kwa sababu mlio ule sikuwa nimeusikia tangu Baba alipoacha kupanda.

Ndipo nikatamani kuipanda mwenyewe. Kuendesha nilijifunza kwa pikipiki ya ofisi, tulipokuwa tukipima viwanja. Nikakaa juu yake, na miguu haikufika chini. Utakumbuka Baba alikuwa na miguu mirefu kama yako, na magoti yake yalipoanza kuuma alikiinua kiti kwa kipande cha chuma, akakichomelea kabisa. Nilining'inia pale mbele ya wageni wangu.

"Kama mtoto kwenye kiti cha kinyozi," Mzee Cornel akasema.

Hapo likatokea jambo ambalo sikulitarajia: wale wawili walikubaliana. Kipande kikatwe. Mzee Cornel alitaka kikatwe kwa kuwa hakikutoka kiwandani. Ludovick naye alitaka kikatwe kwa kuwa pikipiki iliyolala chini inapendeza. Na keria nayo iende, wakasema kwa sauti moja, kisha wakatazamana kwa mshangao. Mimi ambaye kwa miezi nilikuwa nikiwamiminia chai kama asiye na upande, ndiye niliyekuwa mbishi wa mwisho.

Nilitambua kwamba mmoja anataka kuirudisha nyuma kabla ya Baba, siku ile yule daktari Mwingereza, mwenyewe wa kwanza, alipoishusha kutoka kwenye behewa; na mwingine anataka kuipeleka mbele mpaka Baba asionekane. Pikipiki ninayoifahamu mimi ipo katikati, na ni ya viraka. Lakini ile ya viraka, nikiiacha ilivyo, hakuna wa kuipanda. Wewe tu ndiye miguu yako ingefika.

Nikawaambia wasubiri, nimwandikie kaka yangu.

Ludovick aliuliza, bila ubaya nadhani, "Kaka yupi, Dada Evelina? Tangu tuanze kuja hapa, hata salamu zake hatujawahi kuzisikia." Mzee Cornel akamkanyaga mguu, na hilo liliniuma kuliko swali.

Kaka, sikukuandikia. Nilikaa na karatasi jioni kadhaa. Niliona kwamba nikikuuliza, nitakuwa ninakuuliza jambo jingine kabisa, na nilihofia jibu lake. Maadamu kile kiti kipo juu, nilikuwa naweza kusema kinamsubiri mtu. Kukikata ilikuwa kama kutamka kwamba mtu huyo haji. Sijui kama wewe unayaona mambo namna hii, au kama ni mimi tu, ninayeishi na vitu zaidi kuliko na watu, na hivyo kuvipa vitu maneno ambayo havikuyasema.

Kazini kwangu, unafahamu, ndimi ninayewazuia watu kuongeza vibaraza nje ya ramani. Wiki ile mama mmoja wa Ipagala aliniambia kwamba ramani ilichorwa kabla mama mkwe wake hajaugua na kuja kuishi naye. Nilimpa barua ya kumkatalia, kama sheria inavyotaka. Kisha nikaenda nyumbani nikakaa barazani nikitazama kile kipande cha chuma ambacho Baba alikiongeza magoti yalipoanza kuuma.

Jumamosi iliyofuata nilikubali kiti kikatwe. Mzee Cornel aliishika fremu, Ludovick akashika msumeno. Ilichukua muda mrefu, na hakuna aliyefanya mzaha. Kipande kilipoanguka nilikiokota kikiwa bado cha moto.

Keria nilikataa. Walinisihi. Mzee Cornel alisema ni aibu kwa fremu ile, Ludovick akasema inafanana na punda aliyefungwa tenga. Nikawaambia keria ibaki kama ilivyo, na wakaona sura yangu, wakaacha.

Jumamosi ya wiki iliyopita niliipanda hadi Mvumi. Niliondoka asubuhi kabla ya upepo. Baada ya lami kwisha nilienda polepole, kwa kuwa mchanga ni mwingi msimu huu, na pikipiki ile haisamehe mtu mwenye haraka. Karibu na kisima cha mwisho kabla ya kijiji, mwanamke mmoja alitoka mbio uani kwake na mtoto mgongoni, akasimama kando ya njia. Nilisimama.

"Mbukwa," akanisalimu kwa Kigogo, akihema. "Nimesikia mlio, nikasema ni yule Tabibu."

Nikamwambia ni binti yake. Alinitazama, akatazama nyuma yangu, kama anayetafuta wa pili. "Umekuja peke yako?"

"Peke yangu."

Alitikisa kichwa, akanipa pole, ingawa sikumwambia la kupewa pole. Hakusema lolote juu ya kiti.

Nyumbani nilimkuta Shangazi Loisi jikoni, amekwisha kuinjika sufuria kubwa ya maji. Alikuwa amesikia mlio ukipanda kilima, akasimama akaweka maji ya kuoga motoni, kama alivyokuwa akifanya Baba aliporudi na vumbi lake. Aliponiona mlangoni alikaa chini akacheka kwa muda mrefu, akijifuta macho kwa ncha ya khanga, akasema, "Haya, mwanangu, maji yasiharibike. Nenda ukaoge wewe." Nikaoga maji ya Baba. Sijapata kuoga vizuri hivyo tangu nilipotoka Mlimani nikiwa na shahada yangu na mipango mingi.

Kwa hiyo inawezekana nilifanya sawa. Inawezekana pia kwamba kicheko cha mzee mmoja si ushahidi wa kutosha, na kwamba nimevunja agizo la kaka yangu kwa sababu tu nilitaka mahali pa kwenda Jumamosi.

Maana Jumamosi zenyewe zimenyamaza. Pikipiki imekwisha kutengenezwa, na watu wamekwisha pamoja nayo. Wamehamia kwa Mhindi mmoja mwenye pikipiki iliyotolewa kisimani, na hao sasa wanabishana huko. Jana saa za alasiri nilichemsha chai ya watu watatu kabla sijakumbuka. Huwa najiuliza kama sikuchelewesha uamuzi ule makusudi, ili ubishi uendelee.

Shangazi anakusalimu, na anataka ujue kwamba bado anakutunzia kile kigoda chako cha kukamulia. Mzee Cornel, ambaye hujamwona, anakusalimu kwa heshima na kuuliza kama huko Botswana kuna BSA zilizotupwa. Ludovick anakuomba radhi, hakueleza kwa lipi. Nisalimie wifi Miriam, na umwambie Obedi kwamba shangazi yake aliyesomea mambo ya miji anapanda pikipiki. Labda hilo litamfanya ale mboga.

Kipande cha kiti nimekipaka grisi, nimekifunga kwenye kitambaa, nimekiweka juu ya kabati. Mchomeleaji yupo, ukitaka kirudishwe ni kazi ya asubuhi moja. Lakini kabla hujaamua, nikukumbushe tulivyokuwa tukikaa zamani: mimi mbele juu ya tangi, Baba katikati, na wewe nyuma kwenye keria, miguu imekunjwa ili isiburuze mchanga. Nimepima kwa kamba. Kiti cha mbele ni changu sasa, na sitakuficha kwamba sitapenda kukirudisha. Keria sikuigusa. Bado inakutosha, Kaka, na kwa mara ya kwanza hutahitaji kukunja miguu sana, maana aliyekaa mbele yako ni mfupi.

Mungu aliyemrudisha Baba salama kutoka njia zote zile akulinde katika hizo zako, na akuonyeshe iliyo fupi ya kuja huku.

Mimi dada yako, ninayekupenda hata barua zikichelewa,

Evelina