Kuipunguzia Modeli Woga

Jumamosi, 15 Machi 2025
Nimefika nyumbani, Jorodom. Mama kaitikia shikamoo yangu, kisha kauliza nafanya kazi gani hasa huko Arusha. Nikamweleza: naifundisha kompyuta, tunaiita modeli, kusoma mvua na udongo wa Hanang, ituonye kabla mlima haujaporomoka tena. Akaitikia kwa kichwa. Jioni jirani kaleta simu isiyoshika chaji — Mama alishamwahidi kuwa nitaitengeneza. Shahada ya uzamivu hiyo.

Jumatatu, 17 Machi
Mchana modeli yangu imetoa onyo jekundu. Mwenyekiti wa kitongoji, Mzee Agustino, akapuliza filimbi, watu wote mbio shuleni. Wengine walilia, maporomoko ya 2023 yaliwachukulia watoto. Tukakaa. Mlima haukudondosha hata kokoto.
Nikapanda kukagua. Ng'ombe wa mfugaji Gidamis kajikuna kwenye nguzo ya kipimo cha mteremko mpaka kaing'oa. Modeli ikadhani mteremko unatembea. Gidamis kasema pole, ila ng'ombe wake hajaenda shule.

Alhamisi, 20 Machi
Sokoni Katesh naitwa Daktari wa Mlima. Wananiuliza leo tunalala wapi.
Bosi wangu, Dokta Modest, kapiga simu: makala yetu imekubaliwa kwenye mkutano Ulaya! Anataka picha yangu na wananchi — wawe wanatabasamu. Na modeli niipunguzie woga, isipige kelele ovyo. Nimeipunguzia. Kwenye majaribio sasa inapata alama ambazo mimi sijawahi kupata.

Jumapili, 23 Machi
Mvua tangu alfajiri. Padri kafupisha misa. Nguzo niliyoisimika upya nimeiona kwa macho yangu: imesimama, hakuna ng'ombe. Modeli inasema kijani. Nikairudishia woga wake wa zamani — nyekundu. Vipimo vile vile. Mlima ule ule.
Mzee Agustino yuko mlangoni, maji yanamchuruzika. Anauliza: mashine inasemaje? Nikaanza kumweleza habari za uwezekano. Kanisikiliza mpaka mwisho.
"Binti yangu, nipulize au nisipulize? Nikipuliza bure mara ya pili, ya tatu hawatatoka."
Nimeomba dakika. Naandika huku modeli ikipiga hesabu upya. Mama kavua viatu, kakaa. Anasema safari hii haondoki kwa sababu ya mashine. Nikimwambia mimi, ataondoka.
 Viatu vya Mama nimeshamvalisha, kamba nimefunga, na Mzee Agustino anaitazama mikono yangu, filimbi tayari mdomoni.